Ujira wa Mgeni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu kwa udongo mmoja, kisha akawajaribu hawa kwa mali na hawa kwa ufukara, ili ajulikane mwenye kushukuru na mwenye kudhulumu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu, kuna suala moja ambalo watu hulipita upesi kama apitaye penye miiba, nalo ni hili. Mtu akitoka nchi nyingine akaja kulima shamba la mtu kwa ujira, akakaa miaka kumi au ishirini, kisha serikali ikatoa amri kwamba wageni wasio na ruhusa waondoke, naye akaondoka na haki yake haijalipwa, je, deni lile limekufa? Wengi wakiulizwa hujibu: amekwenda zake, na aliyemtoa ni serikali, si mimi. Maneno haya ni mepesi ulimini, walakini ni mazito katika mizani. Twataka kuyatazama hapa kwa utulivu, kwani ndani yake mna jambo kubwa kuliko fedha za kibarua mmoja. Mna khabari ya haki yenyewe: kwamba haki humfuata mtu kila aendako, au hukomea mpakani.

Suala hili halikuzuliwa vitabuni. Limetokea katika nchi ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, magharibi ya ziwa kubwa la Nyanza. Ndugu zetu wa pwani ambao hawajafika huko, yafaa waijue nchi ile kidogo kabla ya kuingia katika hukumu. Si nchi ya mnazi wala mkarafuu. Ni nchi ya mgomba na mbuni. Kila nyumba imekaa ndani ya shamba lake, nalo huitwa kibanja: migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake, na maharage katikati. Nje ya vijiji mna uwanda wa majani uitwao rweya. Huko hulishwa ng'ombe, ambao samadi yao ndiyo uhai wa migomba, na huko hukatwa majani ya kutandaza shambani. Kahawa walikuwa nayo tangu kale, kabla hajaja Mzungu kuifanya biashara. Buni zilichemshwa zikakaushwa, na mgeni akaingia nyumbani akapewa atafune, kama sisi tumpavyo mgeni tambuu.

Kibanja chataka mikono mingi. Kuna palizi, kuna kukata majani rweya na kuyabeba kichwani, kuna kuchukua samadi, kupogoa, kuchuma kahawa, kuianika na kuikimbiza mvua ikija. Mwenye kibanja akiwa mzee, au mjane, au watoto wake wamekwenda Mwanza, Kampala na Dar es Salaam kutafuta riziki, hana budi kutaka msaada wa watu wengine kwa malipo. Na kwa muda wa karibu miaka mia, watu hao wengi wao wametoka Rwanda na Burundi.

Wala hawakutoka kwao kwa kupenda matembezi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza nchi zao ziliwekwa chini ya Wabelgiji, na pamoja na utawala ule zikaja kodi na kazi za shuruti. Kisha mwaka 1928 na 1929 ikaja Rwanda njaa kubwa iliyoitwa Rwakayihura. Wakati huo huo kahawa ya Bukoba ilikuwa imekwisha kushika bei, na mashamba ya Uganda yakitaka watu. Basi mwenye njaa akafuata penye chakula, na mwenye kodi shingoni akafuata penye fedha. Hivyo ndivyo watu wanavyohama duniani kote, na atakayemcheka mhamaji leo asisahau kwamba kesho yake haijui.

Sasa tutazame jambo la pili, kwani bila ya hilo hili la kwanza halifahamiki. Katika falme za Wahaya ulikuwako utaratibu wa ardhi ulioitwa nyarubanja. Mkama alimpa mkubwa mmoja ardhi pamoja na watu waliokuwa wakikaa juu yake. Watu wale, walioitwa watwarwa, wakawa walima ardhi ambayo baba zao waliilima, lakini sasa kwa kumtolea bwana mpya sehemu ya mavuno na utumishi. Wadachi walipoingia, na Bukoba ikawa kituo chao tangu mwaka 1890, wakawatia nguvu wakama waliokubaliana nao. Na kahawa ilipokuwa fedha, kila mwenye cheo akatamani nyarubanja. Malalamiko yakarithiwa na watoto kama yanavyorithiwa mashamba. Hatta baada ya uhuru serikali ikalitia mkono jambo hili, na mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya kuwakomboa watwarwa, wakawa wenye ardhi waliyokuwa wakiilima.

Tuiangalie vizuri sheria ile, kwa kuwa ina somo. Ilikubali kwamba jasho la mtu likiingia katika ardhi muda mrefu, huwa na haki ndani yake, wala haliwi kama maji yaliyomwagika mchangani. Ukitaka kuijua tofauti, ilinganishe na amri ya Unguja ya mwaka 1897 ya kuondoa hukumu ya utumwa. Kwa amri ile, aliyelipwa fidia ni bwana kwa kukosa mtumwa. Mtumwa aliyetumika umri wake wote hakulipwa kitu. Amri ya 1897 ilimtazama mwenye mali, na sheria ya 1965 ikamtazama mwenye jasho. Hii ni hatua kubwa katika uadilifu wa dola, nasi twaikiri.

Walakini sheria ya 1965 ilimkomboa mtwarwa, wala haikumgusa kibarua. Yule aliyetoka ng'ambo ya mpaka hakuwa mtwarwa. Alikuwa mtu wa kuajiriwa, leo hapa kesho pale. Na ajabu yake ni hii: mtwarwa aliyekombolewa, akapata kibanja chake na kahawa yake, naye akahitaji kibarua. Akamchukua mgeni, akampa kibanda pembeni ya migomba, na mara nyingine akamtendea yale yale ambayo yeye alitendewa na bwana wa nyarubanja. Mtu huonja dhulma ikawa chungu kinywani mwake, kisha akaipika mwenyewe kwa ajili ya mwingine wala asiitambue ladha yake.

Hali ikaendelea hivyo mpaka mwaka 2013. Mwishoni mwa mwezi wa Julai mwaka huo Rais Jakaya Kikwete, akiwa katika ziara ya Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na ruhusa wiki mbili waondoke kwa hiari. Sababu iliyotajwa ni ujambazi wa silaha uliokuwa ukiwasumbua watu wa mkoa ule. Mwezi wa Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Ndani yao walikuwamo waliokwisha kukaa miongo mingi, walioa na kuolewa nchini, na waliozaliwa hapa wasijue kwao pengine.

Hatusemi kwamba dola haina haki ya kuulinda mpaka wake. Kumjua anayeingia na anayetoka ni katika kazi za mtawala, na kuwaondolea raia majambazi ni wajibu wake. Wala hatusemi kwamba nchi yetu haina wema kwa wageni. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 waliotoka Burundi katika misukosuko ya mwaka 1972 na watoto wao, na ni nchi chache duniani zilizofanya mfano wa hilo. Tunalosema ni kwamba haki ya mtawala juu ya mpaka ni moja, na haki ya mja juu ya mja mwenziwe ni nyingine. Serikali yaweza kumwambia mtu, "Ondoka." Haiwezi kumwambia mwajiri, "Ulichokuwa ukidaiwa ni chako." Na kwa kweli haikusema hivyo. Waliosema ni nafsi zetu.

Sasa tuingie katika fiqhi. Wanachuoni hupenda kufanya mfano wa Zaidi na Amri, nasi tufanye hivyo. Haya ni majina ya vitabuni, si ya watu tuwajuao. Zaidi ana kibanja Kamachumu, wilaya ya Muleba. Amri ni kibarua aliyetoka Burundi. Hali zao ni tatu.

Hali ya kwanza: Zaidi alimtajia Amri ujira unaojulikana, kiasi fulani kwa mwezi, Amri akatimiza kazi, na miezi sita haikulipwa. Hapa hapana khitilafu. Hilo ni deni kamili katika dhima ya Zaidi, sawa na fedha alizokopa dukani. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi mara amalizapo kazi, bila kungoja. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mwenye kumwajiri mtu akatimiziwa kazi yake kisha asimpe ujira, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wake siku ya Kiama, naye amewekwa safu moja na aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Tafakari, ndugu yangu, kwa nini wawili hawa wamewekwa pamoja. Kumtumikisha mtu bila malipo ni kumfanya mtumwa, ijapokuwa hapakuwa na mnyororo wala soko.

Hali ya pili: Zaidi hakutaja kiasi. Alimwambia, "Fanya kazi, hutaona ila la kukuridhisha." Hivi ndivyo wafanyavyo wengi, wakidhani kwamba neno lisilo na hesabu halina deni. Katika madhehebu yetu, ujira usiojulikana huiharibu ijara, lakini hauifuti kazi. Mfanyakazi hustahiki ujira wa mfano, yaani ule ulipwao kazi iliyo mfano wa ile. Ama ikiwa hapakutajwa ujira kabisa, wala kwa ishara, Imamu Nawawi katika Minhaj, akitoa mfano wa mtu aliyempa mfua nguo nguo yake, ametaja ya kuwa kauli yenye nguvu ni kwamba hana ujira. Kisha akataja kauli nyingine, kwamba akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi ile hulipwa, na kwamba kauli hii yapendelewa na baadhi yao. Basi mwenye hila asije akaikamata kauli ya kwanza akamnyima kibarua. Kauli ile ni ya mtu aliyejitolea kazi yake kama anayempa mwenziwe mkono. Nani ajitoleaye palizi miaka kumi katika nchi ya watu, na watoto wake wana njaa? Uso wa mgeni pale mlangoni ndio ishara ya ujira, hatta kama ulimi ulinyamaza.

Na hapa pana nukta ambayo ndiyo kiini cha maneno yetu yote. Ujira wa mfano hupimwa kwa desturi. Lakini tuseme desturi ya mji ni kumlipa mgeni nusu ya alipwacho mwenyeji kwa kazi ile ile, kwa kuwa mgeni hawezi kushitaki. Je, nusu hiyo ndiyo ujira wa mfano? Twasema: la. Mfano unaotakiwa ni mfano wa kazi, si mfano wa unyonge. Jembe halijui kwamba aliyelishika ana kibali au hana, na palizi ya Mrundi haizai magugu zaidi kuliko palizi ya Mhaya. Ikiwa kazi ni moja, basi nusu iliyopunguzwa haikuwa desturi. Ni dhulma iliyozoeleka, na mazoea hayaigeuzi haramu ikawa halali.

Hali ya tatu: Zaidi alimpa Amri kipande cha ardhi pembeni ya kibanja, akamruhusu ajenge na apande migomba yake. Baada ya miaka akataka ardhi yake. Wanachuoni wetu katika mlango wa kuazima wamelieleza jambo hili waziwazi: aliyeruhusiwa kupanda au kujenga bila ya sharti la kung'oa, hang'olewi bure. Mwenye ardhi ana khiyari ya kuvibakisha kwa kodi, au kuving'oa na kulipa upungufu wa thamani, au kuvinunua kwa thamani yake. Ardhi ni ya Zaidi, hapana shaka. Lakini mgomba ulioota kwa jasho la Amri si wa Zaidi kwa sababu tu Amri amepakiwa katika lori. Mwaka 2013, ni vibanda vingapi na migomba mingapi iliachwa, na nani aliyeuliza thamani yake?

Wako watakaotoa hoja, nasi tuzijibu moja moja.

Wa kwanza atasema: mtu huyu aliingia nchini kinyume cha sheria, sheria ya mwaka 2015 inayohusu ajira za wasio raia yamtaka awe na kibali cha kazi, naye hana. Jawabu ni kwamba kosa hilo, ikiwa ni kosa, ni lao wawili. Amri amefanya kazi bila kibali, na Zaidi amemwajiri bila kibali. Kwa hoja gani mmoja afukuzwe na mwenziwe apewe mavuno kuwa zawadi? Na mali isiyo na njia haiwi halali kwa sababu mwenyewe ana kosa jingine. Mwizi akikukopesha shilingi kumi zake za halali, hulipi?

Wa pili atasema: huyu si Muislamu. Jawabu: kadhi akisikiliza dai la ujira haulizi kwanza dini ya mdai, na Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na dua ya aliyedhulumiwa, awe ni nani. Bali deni la asiyekuwa wa dini yako ni zito zaidi, kwani ukimdhulumu utakuwa umeichafua dini yako machoni pake.

Wa tatu atasema, na huyu hoja yake ina uso wa kweli: mimi mwenyewe ni maskini, nimlipe nini? Bei ya kahawa huwekwa mbali, katika masoko ya watu nisiowajua. Na kabla ya msimu, ada za shule na magonjwa vimenifanya niuze kahawa ingali ua mtini. Uuzaji huu huitwa huko butura: mwenye fedha humpa mkulima kiasi kidogo leo, kisha mavuno yakiwiva huyachukua yote. Twakiri kwamba hii ni dhulma, na Sharia imekataza kuuza tunda mtini kabla halijaonekana kuwiva, kwa ghururi iliyomo. Na serikali nayo imeipiga vita butura. Watu wa Bukoba wenyewe waliinuka mwaka 1937 kuyakataa masharti ya Waingereza juu ya kilimo cha kahawa, kwa kuwa waliona waamuzi wakiamua juu ya mali isiyo yao. Lakini tazama jinsi dhulma inavyoshuka ngazi. Soko lamkaba mnunuzi, mnunuzi amkaba mkulima kwa butura, na mkulima amkaba kibarua. Kibarua hana wa kumkaba. Kwake ngazi imekwisha. Basi kuonewa na aliye juu yako ni udhuru wa kuomba muda, kwani mwenye dhiki hungojewa. Si udhuru wa kufuta deni. Deni la mwenye dhiki hucheleweshwa, haliuawi.

Wa nne atasema: ningependa kumlipa, lakini simjui aliko. Huyu ndiye aliye karibu na kheri, naye asikate tamaa. Kwanza amtafute, siku hizi watu wana simu, na jirani wa kibarua humjua jamaa yake. Asipompata yeye awatafute warithi wake. Asipowapata kabisa, fedha ile huikabidhi kwa kadhi mwaminifu au huitumia katika maslaha ya watu kwa niaba ya mwenyewe, naye akija siku yoyote ampe haki yake. Na akumbuke kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe. Mmoja wao alitaja amali yake: kibarua wake aliondoka akaacha ujira wake, naye akauzalisha muda mrefu, hatta ukawa ngamia na ng'ombe na kondoo. Kibarua aliporudi kudai ujira wake mdogo, akaambiwa, mali yote hii uionayo ni yako, akadhani anachezewa. Kwa amali ile jiwe likasogea. Ajabu ni kwamba mtu yule hakulipa deni tu. Aliona kwamba hatta faida iliyotokana na jasho la mwingine ina mwenyewe. Na sisi twataka kuokoka bila kulipa hatta mtaji.

Huenda msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja akasema: haya ni mambo ya bara, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, ndugu yangu, kwa njia mbili. Kwanza, utajiri wa pwani nao ulibebwa mabegani mwa wahamaji. Wafanya biashara wetu waliokaa Kafuro katika Karagwe katika karne ya 19 hawakuzichukua pembe za ndovu kwa mikono yao, walizichukua wapagazi. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa, kisha na vibarua, wengi wao wa kutoka bara. Makuli wa bandari walidai ujira wao kwa migomo: Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947, na Unguja mwaka 1948. Mgomo ule wa Unguja ndio alioutungia kitabu Adam Shafi, kitabu chake cha Kuli cha mwaka 1979. Twakitaja kwa kuwa fasihi yetu kwa muda mrefu iliwasifu masultani na mashujaa, kama vile wapiga enanga wa Buhaya walivyowaimba wakama na vita vyao. Kuli alipopewa jina na mama na nyumba kitabuni, wasomaji walimwona kuwa mtu. Mvuna kahawa wa Muleba bado angoja mwandishi wake; na asiyekuwa na jina masikioni mwa watu, ni rahisi kumdhulumu.

Njia ya pili ni ya uchungu zaidi. Leo mabinti wa pwani yetu wenyewe wanakwenda Maskati, Dubai na Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Wako waliopata kheri, wakajenga na kusomesha ndugu. Wako waliorudi mikono mitupu: pasi zilishikwa, miezi haikulipwa, na ukaazi wao ulifungwa kwa mwajiri mmoja kwa utaratibu uitwao kafala. Neno hili katika fiqhi ni dhamana ya kuilinda haki ya mtu; huko limekuwa kamba ya kumfungia. Binti akikimbia nyumba ile, yeye ndiye mkosaji kwa sheria ya ukaazi, na mwajiri hubaki na ujira wake. Sisi hulia, na twalia kwa haki. Lakini mwajiri wa huko asema nini? Asema: hakuwa na ruhusa, amekwenda zake, serikali ndiyo iliyomrudisha. Ni maneno yale yale ya Zaidi wa Kamachumu, neno kwa neno. Hatuwezi kudai Maskati haki tunayoikanusha Muleba. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye ayapendeleayo nafsi yake.

Basi nini kitendwe? Kwa upande wa watawala, tunaona mambo matatu. La kwanza, kima cha chini cha mshahara kifike kibanjani. Kwa kazi za kilimo amri ya mwaka 2013 ilikiweka shilingi 100,000 kwa mwezi, na amri ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, ikakifanya 140,000. Kipimo hiki ni msaada mkubwa kwa kadhi anayetafuta ujira wa mfano, kwani ni cha kazi, hakikuandikwa kwa kabila. La pili, iwapo mtu hana budi kuondolewa nchini, apewe siku na mahali pa kutaja madai yake mbele ya wakubwa wa kijiji, yaandikwe, na mwajiri aitwe. La tatu, milango ya halali ifunguliwe kwa mwenye jembe. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja ilianza Julai 2010; walakini milango iliyofunguliwa ni ya mwenye vyeti zaidi kuliko ya mkulima, na huyu ndiye aliyekuwa akivuka tangu zamani za babu zetu. Mlango wa halali ukiwa mwembamba mno, watu hupita dirishani, na apitaye dirishani huibiwa na kila mtu.

Na kwa upande wetu sisi, jambo ni moja: tuandike. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Nabii Musa (A.S.), alipokimbia Misri akafika Madyan, alikuwa mgeni asiye na kitu wala ukoo; na yule mzee aliyemwajiri alimtajia muda na malipo kabla ya kazi, miaka minane, na akipenda aitimize kumi, wala hakutaka kumtia mashakani. Mtu mgeni, mkimbizi, akawekewa mkataba ulio wazi; kisha mgeni yule akawa Nabii aliyesema na Mola wake. Hujui, ewe mwenye kibanja, ni nani aliyelala katika kibanda chako.

Jambo la mwisho. Wako matajiri watoao sana katika mwezi wa Ramadhani, wagawao tende na mchele misikitini, na huku ujira wa watu ungali mikononi mwao. Sadaka ni katika mali yako. Ujira wa kibarua si mali yako. Atoaye sadaka kwa fedha ya deni amemnyang'anya mtu mmoja ili asifiwe na mwingine. Anza na deni. Mlipe aliyechuma kahawa yako, awe Muleba au Ngozi, awe na kibali au hana, kisha toa sadaka na moyo wako utakuwa mwepesi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na dhulma tuikimbie, na atuwezeshe kulipa tunayodaiwa kabla ya siku ambayo hapatakuwa na shilingi wala mpaka wa kujifichia. Amin.